Mradi wa Mikono, Mkomani: rimoti ya kamera chini ya kidole cha mguu

5 Januari

Nimeanza leo, nyumbani kwa Bibi, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu. Bibi ni mdogo wake marehemu nyanya mzaa mama, na amenikubalia baada ya miezi miwili ya kwenda na kurudi. Sharti lake ni moja na nimelishika: mikono tu. Uso hauingii, na picha haitoki nyumbani kabla yeye hajaiona. Nia yangu ni picha thelathini za kazi ya ukili, ule utepe wa miyaa unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, tangu kuchana miyaa mpaka kushona mkeka, zichapishwe kwenye karatasi kubwa na seti moja ibaki kwake. Mtaani kwetu wanaosuka kwa chane nyembamba sasa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao macho yamepungua nuru. Ndiyo maana sikutaka kungoja mpaka nipate kamera bora zaidi.

Vifaa: Canon 700D niliyoinunua ikiwa imeshatumika, lenzi ya milimita 50, tripodi ya alumini, na rimoti ndogo bapa ya infraredi (mwanga usioonekana, kama rimoti ya runinga).

Tunafanyia kazi msana wa chini, ukumbi mrefu unaoelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Sensa ya kamera yangu ni ndogo, kwa hiyo lenzi ya 50 inaona eneo dogo, kama ya 80. Ili mikono na ukili viingie pamoja, tripodi nimeirudisha nyuma mpaka ukingo wa kiwanda, nikamgeuza Bibi aelekee kule. Mwanga unaingia mlangoni, unapita juu ya kamera, unamwangukia magotini. Mwanga mzuri, ila mchache: f/4 (uwazi wa lenzi), ISO 800 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), 1/8 ya sekunde. Kwa kasi hiyo kamera haishikwi mkononi, na hata kubonyeza kitufe chake kwa kidole kunaitikisa. Hapo ndipo rimoti inapoingia.

Leo haikwenda. Jicho la infraredi la kamera hii liko mbele, kwenye kishikio, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera kama nilivyozoea. Ikabidi niuzungushe mkono mbele ya lenzi kila mara, na picha nne zimeingia kivuli cha vidole vyangu.

6 Januari

Nimehama, nimekaa mkekani kando ya Bibi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Mbona wakaa mbali kama mgeni? Ndoo hapa." Kutoka hapo rimoti inaonana na kamera uso kwa uso, mita mbili tu, na infraredi hufika kama mita 5 ikiwa hakuna kitu katikati. Kwa hiyo inafyatua kila mara.

Shida imehamia kwingine. Kila nikiinua mkono kuielekeza rimoti, Bibi naye anasimamisha wake. Hajui kwamba anasimama. Jicho lake linaufuata mkono wangu, vidole vinatulia, na ninachopata ni picha ya mikono inayongoja. Picha 41 nimezipitia usiku, zote zimekaa hivyo. Ukizitazama haraka ni nzuri. Ukizitazama kwa makini, hakuna anayefanya kazi humo.

Nimejaribu kipima muda cha kamera cha sekunde 10. Ndani ya sekunde 10 Bibi ameshapitisha chane mara kadhaa, na sina namna ya kujua picha itamkuta wapi.

Jambo jingine la kuandika nisilisahau: rimoti ikibonyezwa, kamera hutafuta fokasi (ukali wa picha) kwanza ndipo ifyatue. Chane nyeupe juu ya kanga nyeupe hazina pa kushika. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, na shata, lile pazia linaloingiza mwanga, haifunguki. Sasa naweka fokasi mwenyewe kwa kukuza picha kwenye kioo cha nyuma mara 10, kisha nahamisha swichi ya lenzi kwenda MF (fokasi ya mkono) na kubandika kipande cha utepe juu yake.

9 Januari

Rimoti ya redio imefika. Ilitumwa kutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti pamoja na makreti ya soda, nikaipokea gatini saa tisa alasiri. Haina jina kubwa na bei yake niliimudu.

Ni vipande viwili. Kimoja ni kitumaji, kinatoshea kiganjani. Cha pili ni kipokezi, kinakaa juu ya kamera pale panapowekwa flashi, na waya wake mfupi unaingia ubavuni katika tundu la milimita 2.5. Vinazungumza kwa redio ya gigahezi 2.4, masafa yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi. Redio haihitaji kuonana. Unaweza kuweka kitumaji mfukoni, chini ya mto, au nyuma yako.

Nilitaka kuelewa kinachotendeka katika lile tundu, nikaupima waya kwa mita ya fundi wa redio wa mtaa wa Langoni. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Pini ya waya imegawanyika sehemu tatu: ncha, pete ya katikati, na shina. Pete ikigusana na shina, kamera inaamka na kutafuta fokasi, sawa na kubonyeza kitufe nusu. Ncha ikigusana na shina, shata inafyatuka. Rimoti yote ile, pamoja na redio yake na taa zake, kazi yake ni kuunganisha nyaya hizo kwa niaba ya kidole. Nimefurahi sana kulijua hili, kwa sababu maana yake ni kwamba siku kipokezi kikifa naweza kuiendesha kamera kwa waya wa simu na swichi ya taa.

Majaribio ya ukuta: kamera nikaiacha msana, nikatoka kiwandani. Kupitia mlangoni inafyatua bila tatizo. Nikajificha nyuma ya ukuta wenyewe, mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita: mara tano nimebonyeza, imeitika mara moja. Kifungashio chake kimeandika mita 100. Labda pwani ya Shela pasipo na kitu. Ndani ya nyumba ya Lamu hesabu ni kuona mlango.

12 Januari

Siku ya kuumiza kichwa. Mipangilio ile ile, mahali pale pale, na picha za asubuhi zimetoka safi. Kuanzia saa tano zimeanza kuwa nyeusi. Jua limepanda, kiwanda kinang'aa, na picha zinazidi giza. Nikadhani shata imeharibika. Bibi akaniambia nipumzike ninywe kahawa, nikanywa nikiwa nimeikodolea macho kamera kutoka mkekani, na hapo nikaona: kile kitundu cha kutazamia nyuma ya kamera kilikuwa kinameta kama kioo cha taa.

Kamera yenye kioo cha ndani, kile kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kutazamia, hupima mwanga huko juu, karibu na kitundu hicho. Jicho la mpiga picha likiwapo, linakiziba. Mimi sasa nimekaa upande wa pili, jicho halipo, na jua la kiwandani linaingilia nyuma. Kamera inadhani chumba kina mwanga mwingi, inapunguza, picha inakuwa nyeusi. Ni kosa la kila anayehamia kwenye rimoti, na halikutokea asubuhi kwa sababu kiwanda kilikuwa bado kivulini.

Dawa iko kwenye mkanda wa shingo uliokuja na kamera: kile kibandiko cha mpira ambacho sikuwahi kujua ni cha nini. Unatoa mpira unaozunguka kitundu, unakichomeka pale. Juu ya hayo nimeacha kabisa kuiachia kamera ipime yenyewe. Sasa ni M, yaani mpangilio wa mkono, napima mwenyewe kwenye kiganja cha Bibi na kubadilisha kila baada ya nusu saa jua linavyosogea.

15 Januari

Bibi amekataa nikae bure. "Mtu haketi mkekani mikono mitupu." Akanipa chane nne, akanianzishia, na tangu leo nami nasuka. Kwa hiyo mikono yangu yote miwili ina kazi, na rimoti haina wa kuishika.

Nilijaribu chini ya goti: inafyatua ovyo nikijitingisha tu. Kwapani: haifyatui kabisa. Mwishowe nikaiingiza chini ya ukingo wa mkeka, kitufe juu, nikaweka kidole gumba cha mguu juu yake. Mkeka ukiwa katikati bado nausikia mwinuko wa kitufe. Kina hatua mbili kama cha kamera, na kwa dakika kama kumi nimejifunza kusimama kwenye hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza inaiamsha kamera ikiwa imelala, nasikia mlio mdogo, kisha nangoja.

Ninachongoja nimekiona leo kwa sababu nasuka. Kusuka kuna pigo. Chane inainuliwa, inalazwa juu ya mwenzake, inapita chini ya wa pili, inavutwa, kisha kidole gumba cha kushoto kinaishikilia pale ilipokunjwa ili isirudi. Ni pale kidole gumba kinaposhikilia ndipo mikono inatulia, kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Kwa 1/8 ya sekunde utulivu huo unatosha. Kidole gumba kinatoka kikali, kucha na mistari yake yote, na ile chane inayofuata, ambayo imeshaanza kuinuliwa na mkono wa kulia, inatoka kama moshi. Ukibonyeza mapema, vyote ni moshi. Ukichelewa, umerudi kwenye mikono inayongoja.

Kutoka nyuma ya kamera nisingeliona pigo hili. Nililiona kwenye vidole vyangu kwanza, vinavyokosea, kisha kwenye vyake.

Picha 22 leo. Sita nazikubali. Hakuna siku iliyozidi hii.

16 Januari

Bibi ameziona zile sita kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Amekataa moja, kwa sababu pete yake ya ndoa imetoka na hapendi. Nimeifuta mbele yake.

20 Januari

Asubuhi kipokezi kimya. Taa haiwaki. Nimefungua: betri moja ya AAA imevuja, na springi imefanya unga mweupe wenye kijani. Betri hizi zikivuja zinatoa kitu cha jamii ya magadi makali, kwa hiyo asidi kidogo inakituliza. Bibi alikuwa na ndimu jikoni. Tone la ndimu kwenye pamba iliyozungushwa kwenye njiti, likatoa povu dogo, nikafuta, nikapitisha pamba yenye spiriti, nikaanika nusu saa. Taa imewaka.

Ila na chumvi ya hewa yetu ina mkono wake hapa. Kaskazi linavuma siku ya sita, na ukipitisha kidole juu ya tripodi alasiri unaonja bahari. Tangu leo betri zinatoka kila jioni, na kitumaji na kipokezi vinalala ndani ya mkebe wa maziwa wenye mchele mkavu na kifuniko cha kubana. Kamera vilevile siipitishi kwenye chumba cha kiyoyozi kabla ya kazi. Juzi niliipitisha na lenzi ikafunga ukungu dakika ishirini nzima.

23 Januari

Binamu yangu alinishauri nijaribu rimoti yenye saa ndani, intavalometa, inayofyatua yenyewe. Akaniazima yake. Nikaipanga picha moja kila sekunde 10 kwa saa nzima, nikaiacha, nikasuka bila kufikiri kamera. Zimetoka picha 360. Ukizipanga picha 24 kwa sekunde zinafanya filamu ya sekunde 15, na katika sekunde hizo ukili unarefuka kutoka magotini mwa Bibi mpaka unajikunja sakafuni kama nyoka. Ni kitu kizuri cha kuwaonyesha watoto, nao wamekiomba mara nne.

Kama picha za kusimama, hazinifai. Nimezipitia zote 360 moja moja. Saa inafyatua inapofika, haijui kidole gumba kiko wapi. Nilizozipenda ni tatu, na mbili kati ya hizo zinafanana. Nimemrudishia binamu kifaa chake kwa shukrani. Kwa mnazi unaoangusha kivuli, kwa maji yanayojaa na kupwa mbele ya gati, au kwa nyota, nitakiazima tena.

27 Januari

Tumehamia chumba cha ghorofani kwa ajili ya kushona kili ziwe mkeka, kwa kuwa huko kuna nafasi ya kutandaza. Mwanga ni mwororo zaidi, na mdogo zaidi: 1/4 ya sekunde.

Picha zote zina kingo mbilimbili. Mikono ilikuwa imetulia, rimoti imebonyezwa kwa mguu, hakuna aliyegusa kamera. Visababishi nimeviona viwili. Cha kwanza ni kioo cha ndani ya kamera yenyewe: kabla shata haijafunguka kinaruka juu, na kuruka kwake kunaitikisa tripodi nyepesi kama yangu. Kwa kasi kubwa hakuna madhara, na kwa sekunde nyingi mtikisiko unapotea ndani ya muda mrefu. Katikati hapa, kama 1/30 mpaka sekunde moja, ndipo unaposomeka kwenye picha. Kamera ina mpangilio wa kukiinua kioo kwanza. Bonyeza mara moja, kioo kinapanda na kubaki. Bonyeza tena, shata inafunguka. Rimoti ndiyo inayoufanya mpangilio huo uwe na maana, maana kubonyeza mara ya pili kwa mkono kungeirudisha ile tikisa niliyotaka kuiondoa.

Kwa hiyo sasa kidole cha mguu kinafanya kazi mbili: bonyeza, sikia "tak", hesabu pigo moja la Bibi, bonyeza tena gumba linaposhika. Nimezoea baada ya saa moja. Bibi naye amezoea ule mlio, na anasema unamwendea sawa.

Kisababishi cha pili ni sakafu. Huku juu tunakanyaga chokaa iliyolazwa juu ya boriti, na boriti inapumua. Mtoto akikimbia mwisho wa chumba, tripodi inacheza. Nimesogeza miguu yake miwili hadi karibu na ukuta, pale boriti zinapoingia kwenye jiwe, nikaning'iniza kikapu chenye mawe mawili chini ya nguzo ya katikati, nikawaomba watoto wacheze kiwandani mpaka adhuhuri. Kingo zimekuwa moja.

2 Februari

Hesabu mpaka leo: picha 23 zimekubaliwa na Bibi. Zimebaki saba, na nyingi ni za rangi: kuchemsha miyaa kwenye sufuria, mvuke, mikono iliyotiwa zambarau mpaka kwenye kifundo. Nataka tumalize kabla ya Ramadhani, kwa sababu baada ya hapo nyumba ina mpango mwingine.

Nilipofika leo Bibi alinipa kifuko kidogo cha ukili, upana wa vidole vitatu, mdomo wake umepindwa kwa uzi mwekundu. Cha kuwekea "kile kidude unachokikanyaga". Alikuwa akikiona siku zote. Kimeingia sawasawa, na amekiachia tundu dogo juu ya kitufe, hivyo mguu unakipata bila kutafuta. Kimeshonewa ukingoni mwa mkeka na hakitelezi tena.

Picha ya leo sikuipanga. Nilikuwa nimefika karibu mkono mzima wa ukili wangu, wa kwanza nilioona haya kidogo kuuonyesha. Bibi akauchukua, akaupitisha kati ya vidole akiwa haangalii, akasimama mahali. Palikuwa na chane moja imepita juu ya mbili. Akaanza kufumua. Nilikuwa nimeshainua kioo cha ndani ya kamera kwa ajili ya picha nyingine, na mguu ulikuwa pale. Kidole gumba chake kikaikamata ile chane yenye kosa, kikatulia. Nikabonyeza.

1/4 ya sekunde, f/5.6, ISO 800. Gumba lake ni kali. Ukili wangu upande wa kulia una ukungu kwa sababu unafumuliwa, na mikono yangu iko pembeni imefunguka, haina kitu. Ameitazama kwenye kioo cha nyuma kwa muda, akasema hiyo iwe ya mwanzo, kabla ya zile za kuchana. Kisha akanirudishia chane zangu nne.

Kesho: betri nne za AAA, rangi ya zambarau kutoka dukani Langoni, na kuuliza bei ya kuchapisha.